Hodi Kwenye Pango la Kina Bibi

Hapana, hapo sikubali. Unaniambia wivu ni wa mume na mke, eti mwanamke kumwonea wivu mwanamke mwenzake kwa sababu ya shoga yake ni utoto. Utoto wa nani? Umeshawahi kuwa na mtu ambaye tangu darasa la pili mnagawana kiporo, halafu siku moja anakuja mwingine, anakaa katikati yenu kama kazaliwa hapo, na wewe unasogezwa mwisho wa benchi? Hujawahi. Basi nyamaza kwanza nikuelezee, mwishoni utaongea. Nami nitakusikiliza, ingawa kusikiliza siyo kitu ninachokiweza sana.

Mimi natengeneza simu hapa Mikumi. Kibanda changu kiko karibu na barabara kuu, malori ya Zambia yakipita meza inatetemeka na vinati vyangu vinacheza. Hakuna chuo kilichonifundisha. Simu ya kwanza kuifungua ilikuwa ya shoga yangu. Ilidumbukia kwenye ndoo ya maji siku chache kabla hajaenda kusomea uuguzi Morogoro, akaja kwetu analia kama kafiwa. Nikaifungua kwa wembe na kisu cha kumenyea vitunguu, nikaisugua kwa mswaki na spiriti, nikaianika juu ya bati, nikakaa pembeni kufukuza kuku. Jioni ikawaka. Yeye akapata simu, mimi nikapata kazi. Kwa hiyo ukiuliza nani alinisomesha, ni yeye. Na ukiuliza mimi nilimfanyia nini, kuna mtu hapa Mikumi nilimng'ata sikio bombani kwa ajili yake tukiwa wadogo. Sikio lipo, nenda kaliangalie.

Sasa simu hiyohiyo niliyoifufua kwa mikono yangu ndiyo aliyokuwa ananipigia kunipa habari za yule wa Dumila, msichana aliyemkuta huko chuoni.

Mwanzoni ilikuwa, "Kuna dada mmoja tunakaa naye chumba kimoja, anachekesha huyo, ungemsikia!" Nikasema sawa, acheke, kucheka hakuna ubaya. Baadaye kila hadithi ikawa na watu wawili ndani yake, na mimi simo. Wamepika wali ukaungua. Wamenyeshewa na mvua wakitoka wodini. Mwalimu kawafukuza darasani kwa kucheka. Mimi nimeshika simu ya mteja mkono mmoja, sikio liko kwake, natia gundi kioo cha watu upande. Nikimwambia habari zangu anasema, "Eeh, yule mwenzangu naye yalimkuta hayohayo." Yaani hata matatizo yangu alishanitangulia nayo.

Mwaka huu shoga yangu akachumbiwa. Mchumba ni kijana wa Kilosa mjini, mtulivu, anaswali, sina neno naye. Mume simwonei wivu, mume ana kazi yake. Kilichokuwa kinanichoma ni kimoja tu: nani atakuwa msimamizi wake. Unamjua msimamizi, yule anayekaa ubavuni kwa bibi harusi, anamfuta jasho, anamwinulia gauni asilikanyage, na kwenye kila picha yumo. Tulicheza harusi tangu wadogo, shela ni khanga ya mama yake, na mimi ndiye niliyekuwa naishika hiyo khanga. Hatukuwahi kulijadili. Ulishajadiliana na mtu kwamba chakula unakila kwa mkono upi?

Posa ikajibiwa, wiki zikapita, kimya. Ananipigia ananieleza rangi ya mapambo, ananieleza mashangazi wanavyogombana, lakini lile neno halisemi. Mimi nami siulizi. Nina mdomo, kila mtu anajua, ila kuna vitu ukiviomba vinakuwa siyo vyako tena.

Ndo nikakumbuka ahadi yetu ya zamani. Kwa upande wa bibi mzaa mama, sisi ni watu wa bonde moja huko juu, ukishapita Zombo, kwenye mawe na mapango. Msichana wa ukoo akichumbiwa anapelekwa huko, na kama ana shoga anayempenda kama ndugu wa tumbo moja, huyo naye akichumbiwa anaruhusiwa kumpeleka. Nilimwambia shoga yangu tukiwa tunachota maji, "Ukichumbiwa nitakupeleka kwetu." Nikawaza, tukifika humo ndani, wawili tu, atanitamkia. Nikampigia.

"Twende!" akasema. "Jumamosi hii hii. Tena nakuja na mwenzangu."

Mwenzangu! Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Jumamosi wakashuka kwenye basi. Nilitaka awe mbaya. Nilitaka awe na maringo, avae viatu vya visigino, aseme "jamani huku kuna vumbi". Hakuwa hivyo. Mnene kidogo, kafunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda shamba, kavaa raba. Akanikumbatia kabla sijajipanga. "Ndo wewe! Nimekusikia mpaka nimechoka." Kwa nini uchoke? Nilimuuliza hivyohivyo, akacheka kama nimemtania.

Bodaboda zilikuwa mbili. Wao wawili wakapanda moja. Mimi nikapanda nyingine, nimepakata kikapu cha mihogo niliyoamka alfajiri kuikaanga. Njia nzima kuelekea Zombo nilikuwa nakula vumbi lao, naona migongo yao, na upepo ukigeuka nasikia kicheko.

Nyumba ya mwisho kabla ya bonde anakaa bibi mdogo, yaani mdogo wake bibi yangu. Huyo bila shikamoo hakuoni, unaweza kukaa mbele yake mpaka uote mizizi. Tukaamkia. Yule wa Dumila yeye akapiga magoti kabisa, kwenye mchanga, akashika mikono ya bibi. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu." Halafu bibi akaendelea kwa Kisagara, kama kawaida yake akifurahi, na yule akamjibu! Kwa Kikaguru cha kwao, lakini lugha hizo zinasikilizana, basi wakashikana hapo, hili na lile, bibi anapiga mapaja kwa kicheko.

"Huyu mmemtoa wapi?" bibi akauliza kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. "Huyu ni mtoto wa watu."

"Kwani mimi mtoto wa nyani?" nikasema.

"Wewe nimekusemesha lugha ya kwenu tangu unanyonya. Mpaka leo unanijibu, 'Eti nini, bibi?'"

Wakacheka wote watatu. Nimekulia mjini Mikumi, sasa nifanyeje? Bibi akamkatia yule kichane cha ndizi mbivu. Mimi akaniambia, "Na wewe umekuja mikono mitupu?" Kikapu kiko mkononi!

Bonde lenyewe huwezi kulielewa mpaka ulione. Unapanda kilima cha miombo, unadhani ukifika juu utakuta mashamba kama kawaida ya huku, mahindi na ufuta, halafu ghafla ardhi inaachia. Chini kuna mawe. Siyo yale majabali ya kulala unayoyaona kila mahali. Haya yamesimama, marefu, mengine yamebebana, dogo liko chini na kubwa liko juu, kama mtu kapanga sufuria alizoosha bila akili na hazijaanguka. Kuna jiwe lina kiuno. Kuna jiwe lina tumbo la mama mjamzito, na watu wamelipapasa mpaka linang'aa. Pimbi wanachungulia kila pembe kama majirani wambea. Na kuna mawili yameinamiana, vichwa vimekaribiana kabisa, huku kwetu yanaitwa Wasengenyaji.

Shoga yangu alipoyaona akapiga yowe. Akamvuta yule wa Dumila, wakasimama katikati, wakainamiana hivyohivyo kama mawe. Halafu akaninyooshea simu. Simu yangu. Niliyoifufua.

"Shoga, tupige."

Nikawapiga. Unataka ningefanyaje, niitupe? Nikapiga moja, sikuangalia hata kama imetoka, nikarudisha. "Njoo na wewe," akasema. Nikamjibu jua linanichoma macho.

Chini ya miamba ndipo yalipo mapango. Nayaita mapango lakini zile ni nyumba. Zamani za kukamatana na kukimbizana, watu wa kina bibi walijificha humo, na amani iliporudi wengine hawakutoka, walishazoea. Mdomo wa pango wameuziba nusu kwa mawe madogo na udongo, wakaacha mlango. Ndani, juu ni kweusi kwa moshi wa kupikia. Kuna jiwe la kusagia lililoliwa katikati mpaka limekuwa kama bakuli. Kuna alama ya duara pale kilipokaa kihenge cha mtama. Bibi yake bibi yangu alizaliwa humo, kwenye kona ya kushoto ukiingia.

Na kwa sababu ni nyumba, haiingiwi hivihivi. Unapiga hodi. Na nyumba isipokuitikia huingii, hata kama mlango uko wazi kama ulivyo. Kwani kwenu mnaingia kwa watu bila kukaribishwa? Sasa wenyewe wameshakufa, nani ataitikia? Ndo hapo lazima mmoja wa damu ya kina bibi atangulie. Anazunguka nyuma ya mwamba, anapenya kwenye ufa mwembamba, anakaa ndani gizani. Wageni wanakuja mbele wanapiga hodi, yeye anaitikia. Akishaitikia, nyumba ina mtu, wanaingia, wanakaa, wanakula. Ila hodi tatu zikipita bila jibu mnarudi mlikotoka. Na bibi harusi aliyerudishwa mlangoni hapo haji tena maisha yake yote.

Yote hayo niliwaeleza wao wakiwa wameshika ndizi. Nikawaachia kikapu, nikazunguka.

Ule ufa ukiwa mtoto unapita unakimbia. Sasa hivi niliingia ubavu, tumbo nimelivuta, kifua kinakwaruza, nikatokea ndani nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Giza, harufu ya popo, na ubaridi wa mtungi. Nikakaa karibu na jiwe la kusagia nikasubiri.

Sasa pango lile lina tabia moja ambayo sikuwaeleza. Linavuta sauti. Mtu akinong'ona nje ya mlango, wewe ndani unamsikia kama kakaa begani kwako. Nikasikia miguu yao kwenye kokoto. Ikasimama. Kisha sauti ya yule wa Dumila, chini chini:

"Umeshamwambia?"

"Bado. Nitamwambia humo ndani."

"Atakasirika."

"Mm. Atakasirika sana."

Wakacheka kidogo. Siyo kicheko kibaya, hapana, ningejua. Kilikuwa kile cha watu wawili wanaojua kitu kimoja. Na mimi nikakijua hapohapo. Msimamizi kashapatikana. Aliyeshika khanga miaka yote ni mwingine, atakayepigwa picha ni mwingine.

"Hodi!" shoga yangu akaita.

Nikanyamaza.

Nikuambie ukweli, sikupanga. Neno lilikuwa mdomoni tayari, nikaona ulimi umekaa. Popo mmoja akahama upande. Huko nje wakajisogeza.

"Hodi wenyewe!" Hii ya pili ilikuwa na sauti nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya mchezo. Hii alikuwa anaomba.

Nikanyamaza.

"Si tuingie tu?" yule wa Dumila akasema. "Yumo humo, nimemsikia anapumua kama ng'ombe."

"Hatuingii."

"Mlango uko wazi."

"Nimesema hatuingii. Hapa siyo kwangu. Mpaka mwenyewe aseme."

"Na asiposema?"

Nilikuwa nausikia mkono wa shoga yangu unapapasa ule ukuta wa udongo. "Asiposema narudi," akasema. "Amenileta yeye, akinirudisha ni yeye."

Nilitaka kusema karibu, wallahi nilitaka. Lakini hasira yangu ndivyo ilivyo, ikishakaa kitako kuinuka ni kazi. Nikashika lile jiwe la kusagia kwa mikono yote miwili. Ilikuwa imebaki hodi moja.

"Ngoja," yule wa Dumila akasema. "Usipige ya tatu kwanza."

Nikasikia kikapu kinafunguliwa. Kikapu changu. Karatasi zikachakacha.

"Hii mihogo kakaanga nani?"

"Yeye," shoga yangu akasema.

"Yeye?" Sasa akapandisha sauti, ile ya kuita basi lililoshaondoka. "Jamani! Hii mihogo au mipini ya majembe? Hebu ishike hii, unaweza kumpigia mwizi! Mafuta yalikwenda wapi, aliyanywa? Na chumvi... mama yangu, chumvi yote kaimwagia kipande kimoja! Mtu anayekaanga hivi ndiye anayefungua simu za watu? Ndo maana simu za Mikumi zote zinajizima!"

"WEKA CHINI MIHOGO YANGU!" Sikujijua hata nimesimama. Kichwa nikagonga juu. "Weka chini kabla sijatoka humu! Unajua nimeamka saa ngapi wewe? Nyanya zenu za Dumila mnazipanga nzima juu zilizooza chini, halafu unakuja kunisema mimi! Na simu yangu hata moja haijizimi! Leta hapa anayesema inajizima!"

Sauti yangu ikazunguka pango zima ikanirudia. Popo wakatoka wote kwa mlango wa mbele. Halafu nikamsikia shoga yangu anacheka, kile kicheko chake cha kuishiwa pumzi ninachokijua kuliko mlango wa nyumba yetu, na yule mwingine akasema taratibu kabisa:

"Nyumba ina mtu. Piga ya tatu."

"Hodi," shoga yangu akasema, anafuta machozi, nasikia.

Sasa ningefanya nini? Nilishasema. "Ingieni basi," nikawaambia. "Au mnangoja niwabebe?"

Wakaingia wameinama. Tukakaa kuzunguka lile jiwe la kusagia, mwanga unaingia kwenye mlango mdogo unaishia magotini. Yule wa Dumila akachukua kipande cha muhogo akala. Akachukua cha pili. Akachukua cha tatu, akakichovya na kwenye pilipili ya kikapuni.

"Si mipini ya majembe?" nikamuuliza.

"Mitamu," akasema mdomo umejaa. "Ungesifiwa ungeitikia?"

Nikamgeukia shoga yangu. "Wewe ndo umemfundisha. Umemwambia nikisemwa siwezi kunyamaza."

"Sijamwambia kitu. Muulize."

"Hajaniambia," yule akasema. "Nimekulia stendi Dumila nikiuza vitunguu, dada. Basi linasimama kidogo tu, abiria kafunga dirisha anajifanya kalala. Ukimbembeleza ndo anakoroma kabisa. Unachofanya unamwambia mwenzako kwa sauti, 'Mwache huyo, alivyovaa tu unaona hata kitunguu kimoja hawezi.' Dirisha linafunguka lenyewe."

Nikamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Mdomo huo. Ujanja wa barabarani huo. Kujifunza mwenyewe huko, kwa macho na masikio, bila mtu kumshika mkono. Ndo nikaelewa kwa nini ananiuma kuliko watu wote. Angekuwa mpole ningekubali, ningesema shoga yangu kapata mtu wa kupumzikia. Lakini huyu ni mimi. Ni mimi niliyesoma, mwenye cheti, ninayejibizana na bibi yangu kwa lugha ya kwetu. Kama una mimi ya namna hiyo, hii ya Mikumi yenye gundi kwenye vidole unaifanyia nini?

Na bado swali lingine linanila mpaka leo. Kama shoga yangu alimfundisha, basi alimpa ufunguo wangu, kitu alichokuwa nacho yeye peke yake. Kama hakumfundisha, basi yule kaniona mara moja tu akanijua. Sijui kipi kinauma zaidi.

"Sema basi," nikamwambia shoga yangu. "Uliloogopa kusema."

Akaacha kucheka. "Msimamizi ni huyu."

"Najua. Humu ndani nasikia kila kitu."

"Ulisikia?" Akaangalia mlango, akaangalia ukuta. "Ndo maana."

"Ndo maana. Sasa niambie sababu."

"Kwa sababu wewe ukikaa ubavuni kwangu utagombana na mpiga picha. Utagombana na mawifi. Utagombana na shehe."

"Shehe simgusi."

"Ulimng'ata mtu sikio."

"Kwa ajili yako!"

"Ndo hilo ninalosema!" Naye akapaza sauti, na pango likaipokea. "Siku hiyo mtu akiniangalia vibaya wewe utaona, na ukiona sote tumekwisha. Huyu akiona atacheka, atapita."

Yule wa Dumila alikuwa anaangalia juu kwenye masizi, anajifanya hayupo. Angalau hilo alilijua, kwamba hayo yalikuwa yetu wawili.

"Wewe nataka ukae mlangoni," shoga yangu akasema.

Kama hujui, siku ya harusi kwetu bibi harusi anafungiwa chumbani, na nyuma ya mlango anakaa mwanamke mmoja. Yeyote anayekuja anapiga hodi: mawifi, mashangazi, watu wa upande wa mume na ngoma zao. Wataimba, watabembeleza, watatukana, na hakuna anayeingia mpaka yule wa ndani aitikie. Ni lile pango, tofauti yake ni bati.

"Leo nimesimama hapo nje hodi mbili," akasema, "sijui kama naingia au narudi. Nimefikiri harusi imeisha. Nataka na wao wasijue. Wasije wakaniingilia kama sina kwetu."

"Hilo umelipanga toka Morogoro, au umelibuni sasa hivi kwa sababu nilinyamaza?"

Alikuwa anazungusha kiganja kwenye lile jiwe, pale palipolainika, taratibu, kama kuna mtama. Nikamngoja. Sijawahi kumngoja mtu hivyo. Hakujibu, na mpaka leo sijui.

Wala sikusema ndiyo. Nilisema, "Hiyo mihogo imebaki?"

Tuliporudi, bibi mdogo alikuwa nje anapepeta. "Mmeitikiwa?"

"Tumeitikiwa, bibi," yule wa Dumila akasema. "Kwa matusi."

Bibi akasema kitu kwa Kisagara, kirefu, akinionyesha kwa kidevu. Yule akacheka mpaka akashika ukuta. Nikamuuliza kasema nini. "Muulize bibi yako," akaniambia. Nikamuuliza bibi. Akasema, "Jifunze."

Kurudi Mikumi bodaboda zilikuwa mbili vilevile. Shoga yangu alipanda na mimi. Njia nzima kichwa chake kilikuwa mgongoni kwangu, kalala, mate yananilowesha blauzi, na sikumwamsha. Hilo nalo liandike, usije ukasema napenda kulalamika tu.

Ila ile picha ya Wasengenyaji ndiyo kaiweka kwenye simu. Ukimpigia ndiyo unayoiona: wao wawili wameinamiana, mawe yameinamiana juu yao, na huku kona ya chini kuna kitu cheusi. Niliikuza nikaiangalia. Ni kidole changu. Kwenye picha hiyo ndo nimo hivyo.

Harusi iko karibu. Mlango nimeukubali, nimeshakwenda kuukagua, komeo lake lilikuwa limelegea nimelikaza mwenyewe. Mawifi nimewaandalia. Mashangazi nimewaandalia. Watu wa Kilosa waje na ngoma zozote wanazotaka, watakoma. Jana usiku yule wa Dumila akanitumia ujumbe: "Dada wa mlangoni, gauni ninalo mimi. Nafika asubuhi kabla ya watu wote, nimvalishe." Akaweka na vile vikatuni vyake vya kucheka.

Kwa hiyo wa kwanza kabisa kupiga hodi ni yeye. Shoga yangu atakuwa nyuma yangu kitandani na khanga moja, anasubiri nguo. Yule atakuwa nje kashika gauni, na safari hii hana kikapu changu mkononi. Na mimi nitakuwa ndani.

Haya, wewe uliyesema wivu wangu ni utoto, sasa ongea. Nimwitikie?